Siti Orijino Haitakushikia Shingo

Jumapili iliyopita nilisimama kando ya gari la Anko nikaambiwa mimi ni muuaji.

Tulikuwa kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani. Nyasi safi, familia zimekuja na mablanketi, watoto wanapigwa picha wakiwa wameshika milango. Anko alikuwa ameleta MGB yake ya 1967, ile ya kijani iliyo wazi juu, rimu za spoku. Mzee mmoja mwenye kofia ya turubai akalizunguka mara mbili. Akasifu rangi. Akasifu injini, hata akainama kuinusa kama mtu anayeonja supu. Kisha akachungulia ndani, akaona siti mpya zenye hedresti, yaani vile viegemeo vya kichwa, akanyooka polepole kama ameonyeshwa maiti.

"Nani amefanya hii?"

Nikasema ni mimi na fundi.

"Kijana, mmeliua hili gari. Siti zake ziko wapi? Hii gari haikuzaliwa na hivi vitu."

Nilinyamaza kwa sababu ni mzee na nimelelewa vizuri. Lakini hapa ni kwangu, kwa hivyo nitajibu.

Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo gari haikuzaliwa pia ikifuatwa na matatu Waiyaki Way.

Wacha niwarudishe nyuma. Mwaka jana mwezi wa nne, mvua inanyesha, Anko anatoka Kikuyu kuelekea tao. Kufika Kangemi magari yakasimama ghafla. Yeye akasimama. Matatu iliyokuwa nyuma yake haikusimama. Haikuwa ajali ya kuingia kwa habari. Bampa ilipinda, buti likakunjika kidogo, dereva akashuka akaomba msamaha, watu wakapiga kelele dakika tano, kila mtu akaenda zake. Anko hata alicheka akitusimulia jioni. Asubuhi iliyofuata hakuweza kugeuza kichwa. Ukimwita, anazunguka mwili mzima kama roboti. Alivaa kola ya shingo wiki sita, na mpaka juzi akiendesha zaidi ya saa moja utamwona anajikanda nyuma ya sikio.

Siti aliyokuwa amekalia siku hiyo ni ile ile ambayo mzee wa kofia anaililia. Ngozi nyekundu, nzuri ajabu, mgongo wake unaishia kwenye mabega. Juu ya mabega hakuna kitu. Ni hewa tu.

Sasa piga hesabu. MGB haifiki tani moja. Matatu ya abiria 14 ikijaa inakaribia mara tatu ya uzito huo. Na hata kama ni mwendo wa kutambaa wa jamu, hicho kitu kikikusukuma nyuma, utasukumwa.

Watu wengi hudhani ukigongwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma. Si hivyo. Gari linasukumwa mbele, siti inasukuma mgongo wako mbele, mabega yanafuata, na kichwa kinabaki pale kilipokuwa. Shingo ndiyo inalipa tofauti. Kwanza inajipinda kama herufi S, halafu inakunjika kwenda nyuma, halafu kichwa kinarushwa mbele. Yote hayo yameisha kabla hujamaliza kusema "woi". Hakuna mtu duniani mwenye misuli ya kuzuia hiyo kitu, kwa sababu misuli inapata habari ikiwa imechelewa.

Kazi ya hedresti ni moja: kichwa kiondoke pamoja na mabega. Ndiyo maana wahandisi wenyewe huiita kizuizi cha kichwa. Jina tulilozoea ndilo limetupotosha, tukadhani ni mto wa kupumzikia, kitu cha starehe ambacho mwanaume wa kweli anaweza kuishi bila. Siyo starehe. Iweke kundi moja na mkanda.

Na ikiwa fupi mno ni balaa lingine. Kiegemeo kinachoishia katikati ya shingo kinafanya kazi ya ukingo wa meza: mwili unazuiliwa pale, kichwa kinapinda juu yake. Kwa hivyo vile vimito vya shingo vinavyouzwa kwa jamu, vya kufunga na lastiki, tafadhali. Havijashikwa na chochote. Utalala vizuri ukiwa abiria, lakini siku ya kugongwa vitakuwa takataka zinazoruka ndani ya gari.

Haya, tuingie kwa neno lenyewe. Orijino.

Hawa walinzi wa orijino wanapenda kuongea kama vile kiwanda cha MG kilishusha gari kutoka mbinguni mwaka wa 1962 na hakuna mkono uliogusa tena. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980. Miaka 18! Katika hiyo miaka kiwanda chenyewe kilibadilisha siti, dashibodi, grili, bampa, hata urefu wa gari kutoka barabarani. Na unajua nani aliwalazimisha kuweka hedresti? Serikali ya Marekani. Sheria yao ikasema magari madogo yote yanayotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969 lazima siti za mbele za pembeni ziwe na kizuizi cha kichwa, na njia kuu ya kutimiza hiyo sheria ilikuwa hedresti kufika angalau inchi 27.5, karibu sentimita 70, kutoka pale unapokalia. Marekani ndiko MG ilikuwa inauza magari mengi kuliko kwingine kokote. Kwa hivyo Waingereza hawakuandika mashairi ya kuomboleza uasilia. Waliweka hedresti, wakapakia magari kwa meli.

Kabla ya hapo walikuwa wameshalazimishwa pia kuweka dashibodi nene ya mpira kwa magari ya Marekani, mpaka washabiki wakaibandika jina la utani, mto wa Abingdon. Ni mbaya kweli, sitadanganya. Lakini ilitoka kiwandani.

Unaona pale ninapoelekea? Gari la Anko la 1967 limekosa hedresti kwa tofauti ya miaka miwili na kwa kuuzwa soko lisilo na hiyo sheria. Si kwamba kuna mtaalamu alikaa chini akasema, gari hili likiwekewa hedresti litapoteza roho. Ni kalenda tu. Na tangu hapo sheria yenyewe imeongezwa nguvu: siku hizi Marekani wanadai hedresti ya mbele ifike sentimita 80, na isikae mbali na kichwa zaidi ya milimita 55. Maana yake ni kwamba hata ile ya 1969 iligundulika haitoshi. Wewe bado unatetea sifuri.

Na huu uasilia wenu mbona unachagua? Yule mzee wa kofia, niliangalia gari lake baadaye. Betri ya juzi. Tairi za kisasa. Taa za mbele za LED zinazowaka kama stadi ya usiku. Soketi ya kuchaji simu kando ya gia. Yote hayo sawa, hakuna aliyekufa. Lakini ukigusa siti, ghafla tuko makumbusho.

Nitakuambia kwa nini. Kwa sababu siti inaonekana kwa picha. Mrija wa breki hakuna anayeupiga picha. Mtu akipita na simu yake anachukua usukani, dashibodi na ule mstari wa chini wa siti unaofanya gari lionekane refu na jembamba. Nakubali, ni mstari mzuri. Hedresti inauvunja. Lakini tukubaliane basi kwamba tunaongea urembo, si historia, na tuseme wazi: nataka gari langu lipendeze kuliko ninavyotaka shingo yangu. Sema hivyo, nitakuheshimu. Usinifiche nyuma ya Abingdon.

Sasa kabla vijana wenzangu hamjapiga makofi sana, nanyi nina maneno yenu.

Kwa sababu kuna kundi la pili, na hili ni la rika letu. Hawa hawajali orijino hata kidogo. Wakipata gari la zamani la spoti, kitu cha kwanza ni siti za mbio. Nyekundu, mabawa pembeni, matundu mawili juu ya mabega, jina la kampuni kubwa limeshonwa kifuani. Video inapigwa, muziki mzito, watu elfu kadhaa wanapenda.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Siti za kwanza nilizomnunulia Anko baada ya ajali zilikuwa hizo. Shilingi elfu 38 jozi, kwa duka moja ambalo sitalitaja, na muuzaji akaniapia kwa mamake kwamba ni za mbio kabisa. Nilifika nazo nyumbani nikiwa najiona shujaa. Fundi hakusema neno. Aliweka moja chini, akapiga goti juu ya mahali pa kukalia, akashika ile sehemu ya kichwa kwa mikono miwili akaivuta nyuma kama mtu anayefungua mlango mgumu. Ikapasuka. Fiba nyembamba kama sahani ya plastiki. Ndani hakuna chuma. Yale matundu ya kupitishia mikanda yalikuwa yamezungushiwa plastiki iliyogundishwa tu.

"Hii ni picha ya siti," akaniambia.

Siti ya mbio ya ukweli ipo, na sina ugomvi nayo. Ina lebo ya FIA, namba ya kiwango, mara nyingi 8855-1999, na tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu hiyo kiwango inahesabu uhai wa siti kuwa miaka mitano tu. Ukiuziwa siti ya mbio isiyo na tarehe, umeuziwa kiti cha saluni. Lakini hata ile ya ukweli imetengenezwa kuishi na wenzake: helmeti, mikanda ya pointi nyingi, na keji ya chuma kuzunguka dereva. Ni kifurushi. Ukitoa kimoja, vingine vinaanza kukugeuka.

Fikiria gari lililo wazi juu kama MGB, halina keji, halina hata upinde wa chuma nyuma ya kichwa. Mtu anaweka siti ya mbio na mikanda minne ya kumbana wima. Likipinduka, huyo mtu hawezi kujikunja wala kuinama. Amefungwa akiwa amenyooka na kichwa chake ndicho kitu kirefu kuliko vyote ndani ya gari. Na ile mikanda ya mabega mara nyingi utakuta imeteremshwa moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya siti, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuifunga. Ukigonga mbele, inavuta mabega chini. Uti wa mgongo unabanwa kama kopo. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu, uliofungwa vizuri, ungekufanyia kazi nzuri zaidi na hungelipa ziada.

Na zile siti zangu feki hata hazikuingia. Ndani ya MGB ni kwembamba, kati ya kizingiti cha mlango na lile handaki la katikati. Nilipompigia muuzaji akasema hiyo si shida, nipeleke gari akate handaki kidogo. Kidogo! Gari limeishi miaka hamsini na kitu, linusurike mashimo ya Kenya yote, lije likatwe kwa sababu ya mapozi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma badala ya kununua.

Kumbe washabiki wa magari haya huko ng'ambo walishapata jibu zamani: siti za Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 1989. Hiyo MX-5 Wajapani waliitengeneza wakiwa wanaitamani ile ladha ya spoti ndogo za Kiingereza, na hata upana wa siti zake unakaribiana na za magari hayo. Ni nyembamba, mgongo wake umepanda mpaka juu na hedresti ni sehemu ya siti yenyewe, haichomoki. Na kwa baadhi ya matoleo kuna spika ndogo ndani ya hedresti, kando ya masikio, kwa sababu gari likiwa wazi upepo unakula muziki. Wajapani, manze.

Tulipata jozi kwa mtu wa spea za ex-Japan, Kirinyaga Road, kitambaa kimechoka lakini fremu imenyooka. Fremu ndiyo unayonunua. Kitambaa ni shati, utabadilisha. Nilikagua reli zote mbili zinajifunga, nikavuta mgongo, nikalala juu yake pale dukani watu wakinicheka.

Ila usidhani unaingiza tu. Mashimo ya reli za Mazda hayalingani na ya sakafu ya MGB, na hapa ndipo fundi mbaya atakuua kwa upendo. Atachukua drili atoboe sakafu pale panapomfaa, aweke bolti na washa ndogo, aseme tayari. Bati la sakafu la gari la zamani ni jembamba na mara nyingi limeliwa na kutu chini ya kapeti. Washa ndogo itapita nalo kama kidole kwenye karatasi. Siku ya kugongwa, siti yote inang'oka ukiwa juu yake, na hedresti yako ya bei inakuwa haina maana kwa sababu imeshikiliwa na kitu ambacho hakijashikiliwa.

Sisi hatukutoboa shimo hata moja. Tulitoa kapeti, fundi akagonga sakafu yote kwa bisibisi akisikiliza, tukapata mahali pawili pameoza tukaweka bati jipya kwanza. Halafu akatengeneza brakti za chuma bapa: chini zinafungwa kwa nati zile zile za kiwandani, juu zinapokea reli za Mazda. Siti za zamani zilikuwa zimekalia vipande vya mbao kati ya reli na sakafu, ndivyo kiwanda kilivyozipandisha, na za kwetu zilikuwa zimekuwa chakula cha mchwa. Zikatupwa.

Jambo moja hapa limewahi kupoteza watu wengi. Nyuzi za gari la Kiingereza la zamani ni za inchi. Bolti ya inchi 5/16 na ya milimita 8 kwa macho ni mapacha. Fundi asiye makini ataingiza ya milimita, itashika nyuzi mbili tatu, itakaza kwa nguvu, atadhani imekaa. Haijakaa, imeharibu nati tu. Lete bolti inayofanana na ile iliyotoka, na iwe ngumu, yenye alama za ugumu kichwani. Ile ya kitanda haina kazi hapa.

Kisha urefu. Hii watu hawaielewi kabisa na ndiyo yenye uzito. Hedresti imeshikana na mgongo wa siti. Wewe umekalia sponji. Fundi akiongeza sponji ya kukalia kwa sentimita nne ili "ikuwe soft", kichwa chako kimepanda sentimita nne, lakini hedresti imebaki palepale. Umejifupishia hedresti bila kuigusa! Na Anko ni mrefu. Mara ya kwanza kukaa, utosi wake ulikuwa juu ya hedresti na macho yake yanaangalia fremu ya kioo cha mbele. Tukafanya kinyume cha kila fundi wa mtaa: tukapunguza sponji ya kukalia kwa kisu kirefu, kidogo kidogo, anakaa, tunapima, anainuka. Saa tatu nzima. Shangazi akaleta chai mara mbili.

Kipimo tulichotumia ni rahisi. Kaa unavyokaa ukiendesha, si unavyokaa ukipigwa picha. Mtu aweke rula bapa juu ya kichwa. Juu ya hedresti pawe sawa na utosi au karibu sana nao, usishuke zaidi ya sentimita 6. Halafu pima pengo kati ya kisogo na hedresti: sentimita 7 kwenda chini. Likizidi, inua mgongo wa siti, acha kulala kama uko ufuoni Diani.

Na sasa ile sehemu niliyokuwa natamani kumwambia mzee wa kofia pale pale, nikajizuia.

Tulipotoa zile siti nyekundu, zile anazozililia, tukazifungua kuona kama fremu ni nzima. MGB ilitoka kiwandani na kipande cha mpira kilichovutwa kwa ndoano chini ya sponji ya kukalia, ndicho springi yake. Hakikuwepo. Miaka mingi iliyopita, kabla hata Anko hajalinunua, fundi fulani alikuwa ameweka plaiwudi. Juu ya plaiwudi, kipande cha godoro. Kabisa, godoro, na ile chapa ya maua bado inaonekana pembeni. Na ngozi nyekundu ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa nailoni, mshono wa mtu wa hapa hapa mjini. Hilo godoro lilikuwa nene, kwa hivyo siku ya Kangemi Anko alikuwa amekaa juu kuliko hata Mwingereza alivyokusudia, na ule mgongo mfupi ukawa mfupi zaidi.

Hiyo ndiyo orijino yenu.

Sisemi haya kuwadharau mafundi wa siti. Hii nchi inajua siti. Tangu zile sheria za Michuki zianze kufanya kazi mwaka wa 2004 na kila abiria wa matatu kutakiwa kuwa na mkanda, kuna mafundi wamefunga siti na mikanda mingi kuliko mtu yeyote anayekuja kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani. Yule fundi wetu alijifunzia kwa matatu. Anajua siti inang'oka vipi kwa sababu ameziona zimeng'oka. Lakini fundi atakufanyia ulichoomba. Ukimwambia unataka iwe laini na ing'ae, ataleta ulaini na mng'ao. Hujamuuliza habari ya shingo, naye hatakuuliza.

Najua jibu linalokuja. Thamani. Ati gari likibadilishwa siti bei inashuka.

Kwanza, wangapi kati yenu mnauza? Anko hauzi, amekataa pesa mara tatu nikimwona. Pili, tumebadilisha nini? Hakuna shimo jipya. Hakuna kilichokatwa. Hakuna kilichochomelewa kwa bodi isipokuwa lile bati la kutu, na hilo mngetushukuru. Siti nyekundu ziko chumbani kwangu, zimefungwa kwa shuka, ninazitumia kuweka nguo, usimwambie. Siku gari likitakiwa kwenda kushindana mbele ya majaji, pale Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance kwa mfano, ambapo kukagua gari kwa makini ndiyo kazi yenyewe, tutafungua bolti na kurudisha za zamani. Mchana mmoja. Siku nyingine zote gari linaenda barabarani, na barabarani hakuna jaji. Kuna lori, kuna nduthi, kuna mtu anayesoma ujumbe kwa simu.

Nimesikia pia, "Siti ya Mjapani kwenye gari la Mwingereza, aibu." Buda, umevaa saa ya Mchina na koti la mtumba, tulia.

Kama huna MGB, na najua wengi wenu hamna, hata mimi sina, bado nenda kwa gari lolote unalopanda wiki hii uangalie hedresti iko wapi. Probox ya babako, Vitz ya dada. Utakuta imesukumwa chini kabisa tangu siku ilipotoka bandarini, kwa sababu hakuna aliyewahi kubonyeza kile kitufe. Ivute juu. Haina gharama.

Jumamosi tulienda Naivasha na kurudi, Anko usukanini, mimi abiria, paa limefunguliwa. Nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni njia nzima kama askari. Kufika Limuru, sawa. Kufika kule juu ambapo unaliona bonde lote chini yako, sawa. Hakujikanda nyuma ya sikio hata mara moja. Tulipofika alishuka, akazungusha kichwa kushoto, kulia, akanitazama, akauliza kama zile spika za ndani ya hedresti zinafanya kazi.

Moja inakwaruza. Nyingine iko sawa. Waya nimeshanunua.